Gari linachemsha tena baada ya kufunguliwa hedi: nirudi kwa fundi yule yule au nibadili injini?

Mkazi wa Mbezi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, nami nitaeleza mambo kwa mfuatano wake hata kama maelezo yatakuwa marefu, kwa sababu nimeshalipa mara tatu na sitaki kulipa mara ya nne kwa kubahatisha.

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ. Nalitumia kati ya Mbezi na Posta siku za kazi, na mara moja kwa mwezi huenda nalo Morogoro kumwona mama. Mwezi wa 8 mwaka jana, jioni, nikiwa kwenye foleni ya Kimara, taa nyekundu ya joto iliwaka. Wanaozijua IST wanafahamu kwamba hazina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu inayoonyesha injini bado ni baridi, na taa nyekundu inayoonyesha kwamba umeshachelewa. Nilikuwa upande wa ndani wa barabara, nikakosa pa kuegesha, nikaendelea kusogea kwa dakika kama 10 hadi nilipoona mvuke ukitoka kwenye boneti. Nakiri kwamba hapo kosa ni langu.

Gari lilivutwa hadi gereji ya jirani ambayo sitaitaja. Fundi alisema nimeunguza gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi, yaani kifuniko chake cha juu), akafungua asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo akanipigia simu nikachukue gari. Wakati ule niliisifu kasi yake. Leo ndiyo inayonitia shaka. Nililipa shilingi 380,000 za spea na ufundi, nikapewa karatasi ya mkono isiyo na mchanganuo wowote.

Wiki tatu baadaye, nikiwa njiani kwenda Morogoro, gari lilichemsha tena nilipokaribia Bwawani. Nilirudi kwa fundi, akasema ni pampu ya maji, nikalipa 140,000. Baada ya mwezi likachemsha tena, akasema ni rejeta. Nikawekewa rejeta ya mtumba na mfuniko mpya kwa 170,000. Jumla ni shilingi 690,000, na hali ya sasa ni hii: maji yanapungua takriban lita moja kwa wiki ingawa sioni tone chini ya gari, asubuhi injini inawaka kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja hivi, kisha inatulia, taa ya bluu inachukua muda mrefu mno kuzimika, siku nyingine nafika Ubungo bado inawaka, feni inazunguka muda wote tangu ninapowasha gari, na mafuta yanakwenda kuliko zamani.

Fundi sasa anasema injini "imechoka" na nitafute injini ya mtumba, kwamba yeye ana mtu wake Ilala atakayeniuzia kwa shilingi milioni 1.8. Je, kweli injini imekufa? Na kama kazi ya kwanza haikufanywa inavyotakiwa, nina haki gani ya kumdai?

Fundi wa Uyole alijibu:

Ndugu muulizaji, pole kwa gharama. Nimefanya kazi ya injini kwa miaka 22, na ninachokiona katika maelezo yako ni kwamba umebadilishiwa vitu vitatu lakini hakuna aliyepima chochote. Kabla hujanunua injini, naomba usome dalili zako pamoja nami, maana zinasema mengi kuliko fundi wako alivyokueleza.

Nianze na taa ya bluu. Katika injini hiyo thamostati huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hadi 84 za Selsiasi, na kabla ya hapo huyazuia maji yasipite kwenye rejeta ili injini ipate joto upesi. Taa inayowaka kutoka Mbezi hadi Ubungo maana yake ni kwamba maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Kwa maneno mengine, thamostati imetolewa na kutupwa. Feni inayozunguka muda wote nayo imeunganishwa "dairekti", yaani moja kwa moja na umeme. Hayo mawili ndiyo tiba ya haraka ya gereji nyingi, na ndiyo sababu ya mafuta kwenda, kwa kuwa kompyuta ya gari ikiona injini ni baridi huongeza mafuta kama vile ni asubuhi, siku nzima. Halafu jiulize jambo moja ambalo fundi hakujiuliza: kama alilazimika kuunganisha feni dairekti, basi feni ilikuwa haiwaki yenyewe. Kwa nini? Nadhani gari lako lilichemsha kwenye foleni ya Kimara kwa sababu hiyo, kwani gari likiwa kwenye mwendo upepo husaidia kupoza rejeta, lakini kwenye foleni linategemea feni peke yake.

Sasa kutetemeka asubuhi. Gari likilala usiku, maji yaliyobaki na mgandamizo kwenye mfumo hupenya taratibu na kuingia ndani ya silinda moja. Ukiwasha, silinda ile haichomi vizuri mpaka maji yaishe, na moshi mweupe unaouona ni mvuke wa maji hayo. Ukichanganya na lita moja inayopotea kila wiki bila tone chini, mashaka yangu yako kwenye gasketi ile ile au kwenye hedi yenyewe.

Hedi ya injini hiyo ni ya aluminiamu, na ikipata joto kali hupinda. Kipimo cha juu cha kupinda kinachoruhusiwa upande unaokaa juu ya bloku ni milimita 0.05, yaani karibu na unene wa unywele mmoja, ambao jicho haliuoni. Ndiyo maana hedi iliyochemsha huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa filagegi (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), kisha hupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kuisawazisha na kuijaza mgandamizo ili kuona kama ina ufa. Kufungua hedi asubuhi na kuifunga jioni kunawezekana iwapo karakana hiyo iko jirani na haina foleni, lakini mimi binafsi sijawahi kuifanya kazi hiyo kwa siku moja nikalala usingizi.

Na hata hedi ikiwa imenyooka, namna ya kuifunga ni kazi nyingine. Bolti zake hukazwa kwa kufuata mpangilio, kuanzia katikati kwenda kingoni, kwanza kwa nguvu ya nyutoni mita 29 kwa spana yenye kipimo, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, na baadaye nyuzi 90 nyingine. Bolti za namna hiyo huvutika kidogo kila zinapokazwa, kwa hiyo hupimwa urefu na hali yake, na zilizochoka hubadilishwa. Fundi anayekaza kwa kubana meno na kusema "hapo imefika" anaweza kupatia katika injini za zamani zenye hedi ya chuma. Katika hii atapatia kwa bahati.

Vipimo ninavyokushauri ni vichache na havifungui injini. Gari likiwa limelala na ni baridi kabisa, toa mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi juu, mwombe mtu awashe, na uangalie: mapovu yakitoka mfululizo tangu mwanzo hata baada ya dakika kadhaa, kuna mgandamizo wa silinda unaoingia kwenye maji. Usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto, hata ukifunga kitambaa mkononi. Pili, toa plagi zote nne, ambazo katika injini hii ziko juu na hazina taabu, uzipange kwa mfuatano wake. Plagi ya silinda inayoingiza maji huwa imesafishika, nyeupe kama iliyooshwa, wakati wenzake wana rangi ya kahawia. Tatu, tafuta fundi mwenye pampu ya kupimia mfumo wa maji; ajaze mgandamizo jioni auache usiku kucha, na asubuhi, plagi zikiwa zimetolewa na soketi za koili na za nozeli zikiwa zimechomolewa, azungushe injini kwa stata. Maji yakiruka kwenye tundu la plagi, hakuna ubishi tena, na utajua ni silinda namba ngapi.

Wakati huo huo usiendeshe gari hilo, sembuse kwenda Morogoro. Maji yakijaa kwenye silinda usiku mmoja kuliko kawaida, pistoni itakutana nayo asubuhi, na maji hayagandamiziki. Hapo utapinda konrodi (fimbo inayoshika pistoni) na maneno ya kununua injini yatakuwa ya kweli.

Dereva wa Kitonga alijibu:

Namheshimu fundi wa Uyole, lakini katika hili la thamostati sikubaliani naye. Kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Nimepandisha mlima Kitonga na mizigo kwa miaka mingi, na magari yangu yote nilitoa thamostati siku ya kwanza, hakuna lililowahi kuchemsha. Kwa ndugu yetu wa Mbezi mimi naona ni hewa tu iliyobaki kwenye mfumo baada ya kubadilisha rejeta. Apandishe pua ya gari kwenye mwinuko, afungue mfuniko, aache injini izunguke huku akiongeza maji hadi mapovu yaishe. Mimi tatizo kama lake lilinisumbua wiki mbili na likaisha kwa njia hiyo bila shilingi.

Fundi wa Uyole alijibu tena:

Ndugu yangu dereva, kuhusu hewa umesema jambo la maana, na kweli baada ya kubadilisha rejeta ni lazima hewa itolewe kama ulivyoeleza. Lakini hewa iliyonaswa hutoka mara moja ikaisha. Haipunguzi lita moja kila wiki kwa miezi, wala haitoi moshi mweupe asubuhi. Mapovu ya hewa huisha, mapovu ya gasketi hayaishi: hiyo ndiyo tofauti ambayo kipimo changu cha kwanza kitaionyesha.

Kuhusu thamostati, labda magari yako ya mizigo yalikuwa na mfumo usio na athari hiyo. Katika injini nyingi ndogo za Toyota thamostati ina kisahani cha pili nyuma yake, ambacho maji yakishapata joto huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa thamostati, njia hiyo inabaki wazi maisha yake yote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani bila kupozwa. Ukiwa mjini injini ni baridi kupita kiasi, na ukikanyaga mafuta kupandisha mlima joto linapanda kuliko kawaida. Ndiyo kisa cha Bwawani hicho, kwa maoni yangu, au angalau nusu yake.

Niongeze kidogo kuhusu maji yenyewe, maana watu wa Dar wengi hujaza ya kisima. Maji ya chumvi hula aluminiamu na kuacha ukoko kwenye vijitundu vya rejeta. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta), na ukikosa, maji yaliyochujwa ya dukani ni afadhali. Mfuniko nao uangalie tarakimu iliyopigwa juu yake, 0.9 au 1.1, ufanane na ule wa asili, kwa kuwa mgandamizo ndio unaofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mfuniko wenye springi iliyolegea huyaachia maji yachemke mapema hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Msaidizi wa sheria wa Dodoma alijibu:

Naomba nijibu swali la pili la muulizaji, ambalo naona mafundi wameliruka, nao wana haki.

Makubaliano yako na gereji ni mkataba, hata kama yalifanywa kwa mdomo chini ya mwembe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa mtu aliyepata hasara kwa sababu mwenzake hakutimiza mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kosa hilo. Ugumu hauko kwenye sheria bali kwenye ushahidi, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Una karatasi ya mkono isiyo na mchanganuo. Haina thamani kubwa, lakini usiitupe. Hifadhi miamala ya simu uliyomlipia, jumbe mlizoandikiana, na tarehe ya kila safari gari lilipochemsha. Spea za zamani ulizotolewa ziko wapi? Kama bado ziko gereji, ziombe leo, kwa utulivu, kabla hujataja neno la kudai.

Jambo la pili ni la kuzingatia sana. Maelezo ya kifungu hicho hicho yanataka tuangalie njia zilizokuwapo za kupunguza hasara. Ukiendelea kuendesha gari unalojua linachemsha mpaka injini ife kabisa, utampa fundi jibu zuri mno. Kwa hiyo ushauri wa fundi wa Uyole wa kuliegesha gari una uzito wa kisheria pia. Vivyo hivyo zile dakika 10 za Kimara: uzikiri mapema. Humdai fundi kwa gasketi ya kwanza kuungua. Unamdai kwa kupokea pesa za kuirekebisha bila kuirekebisha, na kwa pampu na rejeta ambazo huenda hazikuhitajika.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Mtafute fundi mwingine, asiye na maslahi, afanye vipimo na kuandika matokeo kwenye karatasi yenye jina la gereji yake, na umwombe risiti ya EFD. Hedi ikifunguliwa, piga picha kila hatua, na ikiwezekana mwalike fundi wa kwanza ashuhudie. Akikataa, ujumbe wako wa mwaliko utabaki kuwa ushahidi. Kisha mwandikie barua fupi ukieleza kazi uliyolipia, kilichogunduliwa, na kiasi unachodai, na umpe muda maalumu wa kujibu. Mashauri mengi ya aina hii humalizika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa kuwa fundi anahitaji jina jema mtaani kuliko anavyohitaji 300,000 zako. Yasipomalizika hapo, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe.

Kuhusu injini ya mtumba: ukiamua kuibadili, kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko yake yanapaswa kupelekwa TRA. Muuzaji asiye na karatasi ya kuonyesha injini ilikotoka atakuachia wewe kazi ya kujieleza siku utakapotaka kuuza gari. Na yule "mtu wake Ilala" bila shaka ana cha juu cha fundi wako ndani ya hiyo milioni 1.8.

Mkazi wa Mbezi aliandika, wiki tano baadaye:

Ndugu zangu, niliahidi moyoni kwamba nitarudi, kwa sababu mimi mwenyewe huudhika ninaposoma maswali ya watu na kukuta muulizaji ametoweka baada ya kupata jibu.

Nilifanya kipimo cha mapovu mwenyewe, asubuhi ya Jumapili, mwanangu akiwasha gari. Niliangalia kwa dakika saba, hayakuisha. Plagi ya silinda ya 3 ilikuwa nyeupe kama fundi wa Uyole alivyoeleza, nikaipiga picha pamoja na wenzake watatu. Nililipeleka gari kwa kuvutwa hadi gereji ya Tegeta niliyoelekezwa na mfanyakazi mwenzangu, wakaweka mgandamizo usiku kucha, na asubuhi maji yakaruka kwenye tundu la silinda hiyo hiyo. Nyumba ya thamostati ilipofunguliwa ilikuwa tupu.

Nilimwalika fundi wa kwanza ashuhudie hedi ikifunguliwa. Sikutarajia, lakini alikuja. Hedi ilipimwa mbele yake ikakutwa imepinda milimita 0.15, na juu yake hakukuwa na alama yoyote ya mashine. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya 3 na njia ya maji. Hakubisha. Alisema tu kwamba siku ile mimi ndiye niliyemharakisha, na nikijitafakari, kweli nilimpigia simu mara nne. Kazi mpya ilichukua siku nne: hedi kusawazishwa na kujaribiwa, gasketi na bolti mpya, thamostati, kulanti. Nimelipa 520,000, na risiti nimepewa.

Tulikaa kwa mwenyekiti wa mtaa, na tukakubaliana anirudishie 250,000 kwa awamu mbili. Ya kwanza ameshalipa. Pampu na rejeta nilikubali kuzisahau, kwa kuwa pampu mpya iko kwenye gari na inafanya kazi.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni feni. Fundi wa Tegeta alipoondoa waya wa dairekti, feni haikuwaka ilipotakiwa, akafuatilia umeme wake hadi kwenye kisanduku cha fyuzi na kukuta rilei yake (swichi inayoiwasha) imeungua miguu. Rilei nyingine, ya mtumba, ilinigharimu shilingi 15,000. Sasa feni inawaka na kuzima yenyewe, na taa ya bluu inazimika kabla sijafika hata Kibanda cha Mkaa.

Swali moja la mwisho kwa fundi wa Uyole: je, ni baada ya muda gani naweza kwenda Morogoro bila wasiwasi?

Fundi wa Uyole alijibu:

Hongera, ndugu yangu, na mfikishie salamu yule wa Tegeta. Kwa wiki mbili angalia usawa wa maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwenye rejeta yenyewe na si kwenye chupa ya akiba peke yake, kwa sababu chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ikipungua. Mara ya kwanza na ya pili maji yatashuka kidogo, hewa iliyobaki ikitoka, yajaze. Yakitulia kwa siku kumi mfululizo, nenda kamwone mama, ila ukifika Chalinze egesha, acha injini ikizunguka, na uisikilize feni iwake na kuzima mara mbili kabla hujaendelea.

Dereva wa Kitonga alijibu:

Nimenunua thamostati. Gari dogo la nyumbani tu, lakini, lori siligusi.